Mkono Mmoja na Ukurasa wa Matufaha

Jumatatu, 25 Agosti

Mvua asubuhi, jua baada ya chakula cha mchana. Matufaha ya mapema yameanza kuwa mekundu upande unaotazama ghuba.

Kila mavuno huwa naandika humu hali ya hewa na matufaha, basi. Mwaka huu nitaandika na habari za binti yangu Synneva, maana yeye ndiye zao langu bora kuliko yote, na asiyependa kusikia mtu akijisifu afunge daftari. Hapa kwetu kujisifu ni sawa na kutema mate mezani, lakini mimi nilizaliwa na mdomo, nitafanyaje?

Synneva ana miaka ishirini na miwili. Alikuwa anajifunza useremala, na si ule wa kupigilia misumari tu. Ngazi ya nyumba ya mchungaji ni kazi ya mikono yake, nenda ukaipande usikie kama inalia. Oktoba iliyopita alianguka mtini akichuma. Hakuvunjika mfupa hata mmoja, tukashangilia, kumbe mishipa ya fahamu ya bega imechanika. Mkono wa kulia upo na una joto, ila vidole havishiki kitu. Wa kushoto nao, kwa kubebeshwa kazi ya miwili, umevimba kifundo. Tangu hapo anakaa chumbani juu. Anashuka kula, anapanda. Ukimwuliza jambo anajibu, "Sawa tu." Nimechoshwa na hiyo "sawa tu" kuliko nilivyowahi kuchoshwa na theluji.

Leo alikuja Hallgerd, yule mwenye ofisi ya kutengeneza kurasa za mtandaoni, mjini, ng'ambo ya handaki. Ushirika wetu wa wakulima wa matufaha umempa kazi ya ukurasa mpya, watu waagize juisi bila kumpigia simu mume wangu Leidulv, ambaye simu huwa haipokei. Aliona ukutani michoro ya Synneva ya enzi za useremala, akasimama nayo mpaka kahawa ikapoa.

"Huyu ana jicho," akasema. "Nina nafasi moja ya mwanagenzi. Atengeneze huu ukurasa wenu. Siku ya kukamua juisi nitakuja kuuona, na nitamwambia abadilishe vitu mbele yangu. Lakini kazi iwe yake, Gudveig. Si yako."

"Mimi? Mimi hata kuwasha siwezi!"

"Ndivyo wanavyosema akina mama wote."

Alipoondoka, Synneva alisema maneno mengi kuliko mwezi mzima. "Nitajaribu. Nikishindwa, nitakubali yale malipo ya ulemavu ya maisha, na msiniulize tena." Ni haki yake, na wapo ambao bila malipo hayo wasingeishi. Lakini mtoto wa miaka ishirini na miwili aseme sasa napumzika mpaka kaburini! Leidulv alitoka nje kwenda kutazama kondoo ambao wako mlimani tangu Juni.

Jumatano, 27 Agosti

Mawingu. Tumejaribu programu aliyoituma Hallgerd. Kila kitu kwa kipanya: kamata, buruta, achia. Kifundo cha Synneva kilimuuma mpaka kwenye kiwiko kabla hata hatujamaliza kuweka jina la ushirika. Basi nikashika kipanya mimi, yeye akaelekeza.

"Kushoto, Mama. Kushoto. Kidogo tu. Umepita."

"Kimekimbia chenyewe."

"Hakikimbii. Mkono wako unatetemeka."

"Mkono huu ndio uliokuzaa."

"Hukunizaa kwa mkono, Mama."

Ningecheka, ila alikuwa ameshafunga macho. "Umeona?" akasema. "Hii ni kazi yako, si yangu. Hallgerd atakuajiri wewe." Akapanda juu.

Ijumaa, 29 Agosti

Mvua. Synneva: sawa tu.

Jumanne, 2 Septemba

Mvua nyepesi. Nimempeleka maktaba ya wilaya, ambako Sjur mkutubi anafundisha programu nyingine, ya kutengeneza kurasa bila kipanya kabisa. Kibodi peke yake. Niliona tangazo lake dukani, nikamwandikisha bila kumwuliza, na kwa kuwa ni mimi ninayeendesha gari, nikajiandikisha na mimi. Tulikuwa watano: sisi wawili, baba mmoja mfuga nyuki, na dada wawili wa kanisani waliokuja kwa ajili ya joto.

Nitaandika nilichoelewa, maana niliacha shule mapema lakini kichwa sikukiacha huko.

Ukurasa ni kreti ndani ya kreti. Kreti kubwa ni ukurasa wenyewe. Ndani yake kuna kreti ya kichwa cha habari, kreti ya picha, kreti ya maneno, na kila moja inaweza kubeba nyingine. Ukiinua ya nje, zote za ndani zinakuja nayo. Sasa hilo nani asilijue aliyewahi kupanga matufaha? Unachagua kreti moja, inazungushiwa mstari wa buluu, kisha unabonyeza herufi: a unaongeza kreti mpya, r unaiondoa, k unarukia ya jirani iliyo chini, u unarudisha ulichokosea. Huandiki hizo herufi, unaamuru nazo, kama unavyompigia mbwa wa kondoo mluzi. Ukitaka kuandika maneno kweli, lazima kwanza ubonyeze kitufe kikubwa cha kuingilia. Ukimaliza, unatoka kwa kile cha pembeni juu. "Ujue daima uko ndani au nje," Sjur alisema zaidi ya mara moja. "Ukiwa nje, kila herufi ni amri."

Nikamtazama mwanangu. Vidole vya kushoto vilikuwa vinatembea, kifundo kimetulia mezani. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti! Nikawatazama wale dada wa kanisani kuhakikisha wanaona.

Halafu ikaja amri ya kupanda, yaani kutoka kreti ya ndani kwenda iliyoibeba. Kitufe chake ni mabano ya mraba. Huko Amerika ilikotengenezwa, mabano yana kitufe chake, unabonyeza mara moja. Kwenye kibodi zetu yamejificha juu ya namba nane: unashikilia kitufe kimoja chini huku unabonyeza kingine juu. Kazi ya mikono miwili, au ya mkono mmoja uliokunjwa kama kaa. Na amri hiyo unaitumia kila dakika.

Synneva alijaribu. Akajaribu tena, akikunja kifundo. Nikaona uso umebadilika rangi. Nikanyoosha mkono nimshikilie kile cha chini.

"Usiguse!"

Maktaba nzima ikageuka. Alichukua koti kwa mkono wa kushoto, akalivuta begani kwa meno, akatoka. Tuliingia garini, tukavuka handaki zima.

"Hata hii inataka mikono miwili," akasema.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua. Hakushuka kunywa kahawa.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Borgny, jirani yangu wa chini karibu na maji, aliniuliza dukani hali ya msichana. Nikamwambia anatengeneza ukurasa wa ushirika, na utakuwa mzuri kuliko wa ushirika wowote wa ghuba hii.

"Na mkono je?"

"Mkono gani? Yeye anao mmoja mzima. Wewe unayo miwili na ukurasa huna."

Borgny akahesabu mayai yake. Mtu mkavu yule, kama kipande cha samaki kilichosahauliwa kwenye kamba. Nikarudi nyumbani na uongo wangu kwenye kikapu.

Ijumaa, 5 Septemba

Jua! Tena jua la kweli.

Nilikuwa nakaanga viazi nikasikia hatua za kushuka, za haraka. Synneva akaingia na kompyuta kwapani.

"Mama, herufi gani iko kulia mwa p?"

"Unanifanyia mtihani?"

"Jibu."

"Å, ile a yetu yenye kiduara juu."

"Wamarekani hawana å. Pale ilipokaa å yetu, wao wana mabano. Sjur alisema programu inafundishika amri mpya, mimi nikawa nimeshakasirika sikusikiliza. Nimeifundisha. Sasa å inapanda. Na ø, ile o iliyokatwa mstari, inahifadhi kazi. Tazama."

Akaonyesha kwa kidole kimoja. Mstari wa buluu ukatoka kwenye picha ya tufaha, ukazunguka kreti iliyobeba picha, ukazunguka ukurasa wote. Å, å, å. Viazi viliungua. Leidulv alikula vilivyoungua na kusema ni vizuri, na mume wangu huyo huwa hasemi chochote kuhusu chakula.

Jumanne, 9 Septemba

Maktaba. Synneva alimwonyesha Sjur å yake, naye Sjur akawafundisha wengine wote wafanye hivyo. Nilimwambia mfuga nyuki, "Yule ni binti yangu." Akajibu, "Umeshaniambia ulipokuwa unaegesha gari."

Ijumaa, 12 Septemba

Tumechuma upande wa chini. Upepo kidogo.

Nina ukurasa wangu na mimi! Nimeweka picha ya nyumba yetu, jina langu kwa herufi kubwa, na rangi ya waridi nyuma. Synneva anasema inaumiza macho. Nikamwambia macho ya vijana siku hizi ni dhaifu. Nimejifunza pia kuipa kreti nafasi pembeni isibanane na mwenzake, na kuzipanga zisimame au zilale. Mchungaji alipokuja kuulizia viazi vya sherehe ya mavuno nilimketisha, nikamwonyesha yote. Alikuwa na haraka lakini aliketi.

Jumatatu, 15 Septemba

Jua. Tumechuma.

Alhamisi, 18 Septemba

Jua. Tumechuma. Kondoo wameshuka mlimani. Synneva alikula mara mbili.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemaliza kuosha vyombo ndipo naandika.

Asubuhi Synneva alikwenda shambani kupiga picha za miti. Kompyuta aliiacha wazi juu ya meza ya jikoni, imechomekwa ukutani kwa kuwa betri yake imekufa. Mimi nilikuwa nasafisha. Nikapita nikatazama, mama yeyote angetazama. Ukurasa ulikuwa mzuri wa kukufanya ukae chini: juu ghuba yenye ukungu, chini yake mashamba yote saba ya ushirika, kila shamba na kreti yake, na ndani ya kila kreti aina za matufaha. Nikasoma ya kwetu. Gravenstein lipo. Aroma lipo. Åkerø halipo! Åkerø, tufaha ambalo mama mkwe wangu alipanda mti wake mwenyewe! Nikasema moyoni, msichana amesahau, ana mambo mengi. Nitaliongeza tu. Neno moja. Hata hataona.

Nikaketi. Nikachagua kreti ya shamba letu. Nikaandika.

Sikubonyeza kitufe cha kuingilia.

Nilikuwa nje, na nje kila herufi ni amri. Å ikapanda. Kutoka kwenye shamba letu ikapanda kwenye kreti kubwa iliyobeba mashamba yote saba. K haikukuta jirani wa chini wa kurukia, e ikafanya yake ambayo sikuyaona. R ikaondoa. Na kabla sijavuta pumzi, kidole kikamaliza neno: ø. Ikahifadhi.

Mashamba yote hayapo. Ilibaki ghuba na ukungu wake, na chini yake weupe. Kazi ya wiki tatu ya mwanangu, nimeifuta kwa jina la tufaha.

Nilipiga yowe. Leidulv akaja mbio na buti zake za matope, akidhani nimejikata.

"Nimemuua," nikasema.

"Nani?"

"Ukurasa! Ukurasa wote! Chomoa waya!"

"Nani alisema waya uchomolewe?"

"Mimi nasema!"

"Basi sichomoi." Akasimama kati yangu na ukuta, mikono nyuma. Huyu mume nimeishi naye miaka yote hii nikidhani ukimya wake ni uvivu. Alisimama pale kama nguzo ya gati, nikamsukuma, hakusogea. "Mwite mtoto," akasema. "Ni wake."

Nilimwita. Nilitoka mlangoni na aproni, nikapiga kelele mpaka kondoo wa Borgny wakajibu. Synneva akaja taratibu, kamera shingoni. Nilimweleza yote, sikuficha kitu, machozi na kamasi. Akaingia. Akatazama ule weupe. Uso wake haukusema chochote, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Niliona ngazi za kwenda chumbani na miguu yake ikizipanda, na mlango ukifungwa mpaka uzeeni.

Akaketi. Akabonyeza u.

Hakuna.

Akabonyeza tena u. Mashamba saba yakarudi, yote mara moja, kama kondoo wanaotokea kwenye ukungu. Borgny yupo. Sisi tupo. Gravenstein, Aroma, kila moja mahali pake.

"Lakini ilihifadhi!" nikasema.

"Inahifadhi, lakini inakumbuka ya nyuma, ilimradi hujaizima." Akamtazama baba yake. "Nani alitaka kuizima?"

Leidulv akaangalia dari.

Halafu Synneva akaanza kucheka. Alianza puani, ikashuka tumboni, akalaza kichwa juu ya meza akacheka mpaka kamera ikagonga kikombe. "Å-ke-rø," akasema. "Ulipanda, ukaua, ukazika na kuweka jiwe la kaburi!" Nami nikacheka kwa sababu yeye anacheka.

Alipotulia akapangusa macho. "Mama. Åkerø sikulisahau. Mti ule haukuzaa mwaka huu. Umeupita kila asubuhi."

Kweli haukuzaa.

"Na sikiliza. Siku ya kukamua Hallgerd angeniuliza, hili kwa nini liko hapa? Mimi ningesema nini? Ni mama yangu kaweka? Ukigusa hata herufi moja si wangu tena."

"Sitagusa."

"Hata kama kuna kosa?"

"Hata kama," nikasema, na Mungu anajua ilivyoniuma kusema.

Leidulv akamimina kahawa vikombe vitatu. Sasa ni jioni.

Jumamosi, 27 Septemba

Mvua. Sijagusa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Baridi, nyasi zimeganda alfajiri. Kuna neno kwenye ukurasa liko karibu mno na picha. Sijagusa. Sijasema.

Jumapili, 5 Oktoba

Borgny alikuja na chupa ya mafuta ya kuchulia kifundo, yale ya farasi. Alisema tu, "Ya huyo msichana," akageuka. Nikamwita anywe kahawa. Akaketi kwenye ukingo wa kiti. Nikamsifia Synneva tangu mwanzo hadi mwisho, akasikiliza, kisha akauliza, "Analala vizuri?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia sasa ndiyo, analala. Borgny akaitikia kwa kichwa, akamaliza kahawa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya kukamua. Jua baridi, bila upepo. Naandika Jumapili baada ya kanisa, jana sikuwa na nguvu.

Msaragambo wetu wa kukamua hufanyika kwenye banda la ushirika. Watu wa mashamba yote saba wanakuja na matufaha ya mwisho, mashine inanguruma, watoto wanalewa juisi, na kila nyumba inaleta keki. Yangu ndiyo iliyokwisha kwanza. Hallgerd alifika akasimama karibu na ukuta, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote. Baada ya kula, meza ikafutwa, Synneva akaweka kompyuta, na ukurasa ukatokea kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani.

Watu walisogea karibu. Mzee wa ushirika akasema, "Si mbaya." Kwa lugha ya hapa hiyo ni mizinga ishirini na moja. Nilitaka kupiga makofi, nikakalia mikono.

Ndipo Hallgerd akasema, "Vizuri. Ila naona mashamba yamepangwa kwa alfabeti. Mnataka nani awe juu? Juu ndiko mteja anakotazama. Amueni, yeye abadilishe sasa hivi."

Lo! Kuwauliza watu wa kwetu nani awe wa kwanza!

"Mimi niwekwe mwisho tu," akasema wa shamba la daraja.

"Sisi popote, hata chini kabisa," akasema mwingine, huku macho yameng'ang'ania shuka.

"Wetu ni mdogo, msijisumbue."

"Labda wa Borgny?"

"Mimi? Hapana, hapana. Nina haki gani?"

Wote saba wanagombea mkia, na kila mmoja anataka kichwa. Synneva mkono juu ya kibodi, hana pa kuanzia. Hallgerd amekunja mikono. Dakika zinakwenda. Nikaona mwanangu anaondoa kidole kwenye kibodi, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe:

"Basi sisi tuwe wa kwanza!"

Watu walitazama viatu vyao. Synneva alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Nikajua nimemharibia, tena bila kugusa kibodi.

Borgny akakohoa. "Gudveig," akasema kwa ile sauti yake ya ukavu, "amesema tunachokifikiria sote tangu asubuhi."

Wa daraja akaanza kucheka, kisha mzee wa ushirika, kisha banda zima, na watu wakaanza kuambizana kweli: wewe ulitaka, nami nilitaka, na wewe usijifanye. Kelele za sokoni. Na katikati ya kelele Synneva akauliza kwa sauti, "Nani huanza kuchuma?"

"Borgny," wakajibu. "Yuko kando ya maji, kwake jua linapiga mara mbili, la angani na la kwenye maji."

"Halafu?"

"Daraja."

"Halafu?"

Akauliza mpaka juu mlimani. Alipokuwa anauliza, mkono ulikuwa unatembea. Å, mstari ukapanda kwenye kreti ya shamba. Kitufe kingine, kreti yote na picha zake na matufaha yake ikateleza juu ya nyingine, pale ukutani mbele yetu, kama mtu anayebadilishana viti kanisani. Hakutazama vidole. Hakuniangalia mimi. "Itafuata mavuno," akasema. "Tufaha linaloiva kwanza liko juu, na kila shamba likimaliza kuchuma linashuka chini ya wengine. Kila mtu atakuwa wa kwanza, kwa zamu yake."

"Na nani wa mwisho leo?" akauliza Hallgerd.

Synneva akabonyeza. Kreti ikashuka mpaka chini kabisa ya shuka. Ni sisi. Shamba letu liko juu mlimani kuliko yote, sisi ndio tunaomaliza kuchuma baada ya wote.

"Pole, Mama," akasema.

Walicheka tena, Borgny kuliko wote, sikujua kama ana meno mengi hivyo. Nami nikacheka. Mwisho! Mimi! Lakini mliona mkono ule? Niliwauliza wote, mmoja mmoja, mliona mkono ule?

Hallgerd alifunga koti vizuri zaidi. "Nitakupigia," akamwambia Synneva. Alimpa mkono wa kushoto. Hilo nililiona.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Hajapiga.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Hajapiga. Nimepika jemu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua inalala ubavu. Hajapiga. Synneva anatembea jikoni na simu. Hakupanda juu mchana kutwa. Namwona mtu aliye hai anayeogopa, na sitaki kulalamika, maana miezi hii yote hakuogopa kitu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hajapiga. Leidulv amekwenda na simu yake nje, akaiweka juu ya nguzo ya uzio ambako mtandao ni mzuri, kana kwamba Hallgerd atampigia yeye.

Jumanne, 21 Oktoba

Asubuhi, mvua. Nilikuwa na mikono ndani ya unga. Simu ikalia, Synneva akaichukua akaenda dirishani. Nilisikia upande wake tu.

"Ndiyo." Kimya. "Ndiyo." Kimya kirefu. "Naelewa."

Moyo ukashuka mpaka kwenye slipa. Naelewa ni neno la watu waliokataliwa.

"Na kiti?" akasema. "Hapana, meza ya kawaida inatosha. Kibodi nitakuja na yangu." Kimya. "Tarehe tatu. Asante. Ndiyo. Asante."

Akaweka simu juu ya kabati. Aligeuka. Sikumsubiri aseme, nilimkumbatia na unga wangu wote, sweta jeusi likawa jeupe.

"Mama, bega. Bega!"

"Samahani! Lipi?"

"Yote mawili!"

Nilimwachia nikamkumbatia kiunoni. Leidulv alikuwa mlangoni. Alisema, "Basi vizuri," akatoka kwenda kwa kondoo, na safari hii kondoo walikuwepo kweli. Nilimwona kupitia dirishani amesimama katikati yao kwenye mvua, bila kofia, anapangusa uso kwa kofia yenyewe.

Nilimpigia Borgny. Kisha mchungaji. Kisha maktaba, nikamwacha Sjur bila nafasi ya kuongea. Kisha wale dada wawili wa kanisani. Mwishowe mfuga nyuki, ambaye namba yake nilikuwa nayo kwa ajili ya asali.

Jumapili, 2 Novemba

Tumempeleka mjini. Chumba kidogo, dirisha linatazama reli. Tulipanga vitu vyake, yeye akavipanga upya. Theluji ya kwanza juu ya vilele.

Jumatatu, 3 Novemba

Nyumba kimya mno. Matufaha yamekwisha, chumba cha juu kitupu, na leo nilipanda nikafungua dirisha hewa ipite.

Saa nne nilikaa na ukurasa wangu wa waridi. Picha ya nyumba ilikuwa imejaa ukurasa mzima, sikukumbuka jinsi ya kuipunguza. Sawa, nilikumbuka kidogo. Nikapiga simu.

Ikaita sana. Akapokea kwa kunong'ona. Nyuma yake nilisikia vitufe vya watu wengi, na mtu akicheka, na kikombe kikiwekwa mezani.

"Mama, siwezi sasa. Nina kazi."

"Nilitaka tu kuuliza picha..."

"Nina kazi, Mama. Nitakupigia jioni."

Akakata.

Nilisimama uani na simu mkononi, barafu inalia chini ya viatu. Borgny alikuwa anapanda njia na ndoo yake. "Vipi msichana?" akauliza.

"Hana nafasi ya kuongea," nikasema. Nikasema tena, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya ghuba. "Borgny, mwenzangu, amenikatia simu! Ana kazi!"